Doa la Zambarau Kwenye Kioo

Simu iliita mara mbili, ikakata. Ikaita tena mara moja.

Nyigu akaacha chai yake mezani.

"Fundi," sauti ya mwanamke ilisema, "kuna kabati linaumwa macho."

"Limeanza lini?"

"Jumamosi. Mganga afike kabla ya saa tano."

"Mganga yuko njiani."

Alitoa betri kwenye ile Nokia ya vitufe, akavunja laini vipande viwili. Kimoja akakitupa kwenye sinki, kingine kwenye taka. Akatazama Casio yake. Saa tatu na dakika tano.

Dakika saba baadaye alikuwa barabarani, ndani ya Suzuki ndogo iliyoandikwa ubavuni TUNATENGENEZA TELEVISHENI ZA KILA AINA. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Uongo wa kudumu hushonwa kwa uzi wa kweli. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametengeneza televisheni za watu, na katika miaka hiyo hiyo alikuwa amekamata wapelelezi wanne wa kigeni, shehena mbili za dhahabu ya magendo na balozi mmoja wa bandia aliyejificha ndani ya friji.

Ofisini walimwita Nyigu. Si kwa sababu ya kiuno. Kiuno kilishaaga zamani, baada ya mtoto wa tatu. Ni kwa sababu ya mwiba.

Sauti ile ya simu sasa ilihamia sikioni mwake, kwenye kidude kisichozidi punje ya mahindi, chini ya kilemba. Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Operesheni. Mkuu huyo alikuwa pia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Serikali ilimpa mwanamke yule cheo, ndoa ikampa undugu, na katika yote mawili Nyigu hakuulizwa maoni.

Wifi alieleza mambo kwa ufupi. Kuna kadi ndogo kama ukucha. Ndani yake mna majina arobaini na mawili ya watu wa siri wa nchi, na mahali wanapolala. Imo ndani ya kibati bapa mfano wa kopo la dawa ya viatu, chenye sumaku kali mgongoni. Aliyeiiba ni mwanamke mmoja mfanyamagendo, mwenye ukumbi wa mashine za gemu, watu wake humwita Madam. Madam hukibandika kibati popote penye chuma: leo chini ya gari, kesho nyuma ya friji, kesho kutwa kwenye ngazi. Leo saa tano kamili anaondoka kwenda uwanja wa ndege. Mnunuzi anamngoja ng'ambo.

Kadi ikipanda ndege, watu arobaini na wawili wamekwisha. Nyigu alikuwa mstari wa kumi na moja. Mumewe, mstari wa kumi na mbili.

Mumewe ofisini walimwita Pamba, kwa jinsi alivyopenda nguo. Na Pamba alikuwa tayari yumo ndani. Miezi miwili sasa alikuwa akijifanya tajiri wa magari, mchumba wa Madam. Wifi ndiye aliyempanga. Kazi ni kazi, alisema siku ile, na Nyigu aliitikia kwa mdomo tu. Moyo haukuhudhuria kikao.

"Yuko salama?" Nyigu aliuliza.

"Salama."

"Anakula?"

"Wifi, zingatia kabati."

"Nimeuliza tu."

"Amenenepa."

Nyigu akakanyaga mafuta.

*

Mlangoni mwa ukumbi wa Madam lilisimama jitu moja lenye shati jeupe. Lilikuwa pana juu, pana chini, na katikati halikujisumbua kuwa tofauti. Walimwita Tofali.

Tofali alipekua sanduku la vifaa. Bisibisi tisa. Koleo mbili. Mita. Chuma cha kulehemu, ambacho mpini wake ulikuwa kipaza sauti. Kioo cha kujitazamia. Duara la waya wa shaba, pana kama sinia, limeviringishwa utepe mweusi, lina kitufe na waya mrefu wa umeme. Akauliza hili ni la nini. Nyigu akamwambia ni la kutoa mashetani kwenye skrini, Tofali akalirudisha haraka kidogo kuliko alivyolitoa.

Bastola hakuiona. Beretta ilikuwa ndani ya kopo la grisi, na hakuna mwanaume mwenye shati jeupe anayetia mkono kwenye grisi.

Ukumbi ulikuwa haujafunguliwa kwa wateja. Zulia jekundu, kiyoyozi, mashine kumi na mbili zimejipanga kama maaskari wazee. Kumi na moja zilikuwa zimelala. Ya mwisho, kabati refu la mbao lenye rangi iliyobanduka, ilikuwa macho.

Hiyo ilikuwa ya Madam mwenyewe, tangu ujana wake. Mchezo wa kutungua popo. Na ilikuwa na amri yake: isizimwe. Mashine za zamani hizo zikikosa umeme husahau kila kitu, na Madam alikuwa ameshika nafasi ya kwanza kwa miaka kumi na minane. Mafundi watatu walishapita wiki hiyo. Wa kwanza alitaka kuzima na kubadilisha bodi ya mchezo, akazomewa mpaka akaacha. Wa pili alibadilisha vipuri vya umeme wa skrini peke yake, mchezo ukiwa macho. Wa tatu alishauri wanunue skrini bapa, akaonyeshwa mlango.

Nyigu akatazama. Kona ya chini kulia kulikuwa na doa la zambarau, limetanda, kingo zake zikigeuka kijani. Popo waliopita pale walipinda kama walevi.

Juu ya skrini yalipita majina ya mabingwa. Wa kwanza: MDM. Wa pili: MPZ.

"Huyo wa pili nani?" aliuliza kana kwamba hajali.

Tofali akasema ni bosi mpya, mpenzi wa Madam. Mashine inapokea herufi tatu tu, kwa hiyo mapenzi yalikatwa mkia.

"Pumua," wifi alisema sikioni.

Madam akaingia. Nyigu alimkagua kuanzia kichwani akitafuta kasoro. Akafika kwenye viatu bila kupata kitu. Mwanamke alikuwa kama picha iliyotoka kiwandani: rangi sawa, mistari sawa, mwanga wa kutosha. Hata sauti ilikuwa nzuri, jambo ambalo Nyigu aliliona ni kuzidisha.

Nyuma yake akaja Pamba.

Alikuwa amevaa koti jipya la kijivu. Koti hilo lilimkaa kama limezaliwa naye. Madam akageuka, akamnyoosha kola, mkono ukashuka mpaka kiunoni ukatua pale kama umelipiwa kodi.

"Habari ya kazi, mama," Pamba alisema, kama mtu anayesalimia nguzo.

"Nzuri, baba."

Miaka kumi na tano ya ndoa ikapita katikati yao bila kugonga mtu.

*

Nyigu alianza kama daktari anavyoanza. Mgonjwa anasikia? Alisikiliza: mlio wa mchezo ulikuwa safi, kwa hiyo bodi ni nzima. Picha inashuka au inakimbia? Haishuki wala haikimbii. Rangi moja imepotea? Zote tatu zipo. Ni kona moja tu iliyochanganyikiwa. Basi ugonjwa haukuwa kwenye bodi wala kwenye vipuri. Kitu kilikuwa kimeivuta picha kwa nje.

Sumaku.

Aliomba kiti, akakisimamisha mbele ya mashine, akaegemeza kile kioo cha kujitazamia juu yake. Ndivyo mafundi wa zamani wafanyavyo: uko nyuma ya kabati, unaitazama picha iliyo mbele. Kisha akafungua mlango wa nyuma. Mkono mmoja kazini, mkono mmoja mgongoni, maana umeme wa humo hausamehe mwenye mikono miwili. Shingo ya tyubu ya picha iling'aa rangi ya chungwa, joto lake jema. Pembeni, kwenye fremu ya chuma, palikuwa na mduara safi usio na vumbi, wa ukubwa wa kopo la dawa ya viatu.

Akainamia chuma cha kulehemu.

"Kiota kipo. Ndege hayupo."

"Ametoka lini?"

"Vumbi halijarudi. Jana au leo."

"Saa nne na dakika kumi na tano. Endelea."

Wenye kibati, kwa akili zao zote, walikuwa wameibandika sumaku yake shavuni mwa skrini ya zamani. Ni sawa na mwizi kuficha kuku aliyeibwa chini ya kitanda cha mwenye kuku. Kisha walipoona picha imeharibika, wakapiga simu wenyewe kuita fundi.

Akatoa duara la waya, dawa ya kufuta sumaku, akalichomeka, akalisogeza mbele ya skrini. Akabonyeza kitufe. Duara likanguruma, rangi zote zikacheza ngoma juu ya skrini. Akalizungusha polepole kwa duara pana, akarudi nyuma hatua moja, nyingine, nyingine, mpaka mita mbili. Hapo tu ndipo akaachia kitufe. Ukiachia karibu, unaharibu zaidi.

Skrini ikawa safi. Popo wakaruka wima.

Madam alifurahi kama mtoto. Akamvuta mpenzi wake aje aone. Nyigu alirudi nyuma ya kabati, na kwenye kioo akawaona wote wawili: Pamba akaegemea ubavu wa mashine, Madam akaegemea Pamba, mkono ukarudi kiunoni.

Doa la zambarau likarudi.

Nyigu akapepesa macho. Pamba aliondoka kwenda kuchukua maji. Doa likanywea. Pamba akarudi, akaegemea. Doa likachanua kama ua la shari.

Alipiga magoti nyuma ya kabati, akakishika chuma cha kulehemu.

"Wifi."

"Nakusikia."

"Kibati kiko kwa mdogo wako. Mwilini."

"Rudia."

"Sitarudia."

"Ripoti yake ya jana usiku inasema hajui kilipo," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Kama amegeuka, amri unaijua."

"Naijua."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, wifi. Lakini amri ni amri."

Nyigu akatia mkono kwenye grisi. Chuma cha Beretta kilikuwa baridi. Akaondoa kizuizi.

Wivu ni fundi mbaya. Ukimkabidhi mashine, anaona kila waya umekatika. Sasa yote yalijipanga: koti jipya, unene, MPZ. Tiketi mbili, bila shaka. Ng'ambo watanunua nyumba yenye bustani, na yeye atabaki na watoto watatu na dada mtu. Na ukweli usemwe, upo upande mmoja wa moyo wake uliotaka iwe hivyo hivyo. Mume msaliti unampiga risasi, unalia, unapewa nishani. Mume mwaminifu anayechekeana na mzuri vile, unamfanyaje?

Akatazama tena kwenye kioo. Pamba alikuwa bado ameegemea mashine, anakunywa maji.

Ameegemea.

Mwaka wa pili wa ndoa yao, Pamba aliweka spika ya redio juu ya televisheni ya nyumbani, picha ikageuka zambarau. Alisemwa siku nane. Alisemwa asubuhi na jioni, akasemwa mbele ya wageni. Katika dunia nzima, ukiacha mafundi, hakuna mwanaume aliyejua kuliko yeye kwamba sumaku na skrini hazipikiki chungu kimoja. Kama angejua amebeba sumaku, asingeisogelea skrini ile hata kwa hatua tano.

Basi hajui. Koti si zawadi. Koti ni begi, na yeye ni punda.

Nyigu alipata nafuu. Alisikitika kidogo pia, lakini hilo lilikuwa siri kati yake na grisi.

Akakohoa. Pamba akainua macho, yakakutana na yake ndani ya kioo. Nyigu akayapeleka macho yake kwenye doa. Pamba akafuata. Akaliona. Akajiondoa kwenye mashine, doa likanywea, akarudi, likachanua. Uso wake ukawa ule ule wa siku nane.

Mkono wake ukaenda kwenye kifungo cha koti.

*

Madam aliuliza anafanya nini. Pamba akasema joto. Madam akamkumbusha, kwa upole sana, kwamba kuna kiyoyozi, kwamba wanaondoka muda si mrefu, na kwamba koti lile amelishona mwenyewe kwa mikono yake, si la kuvuliwa ovyo. Akiwa anasema hayo, macho yake yalienda kwenye doa, kwenye koti, kisha kwenye kioo juu ya kiti, ambamo fundi wa televisheni alikuwa akimtazama mchumba wake kwa jicho lisilo la fundi.

Mrembo, na mjinga hakuwa.

"Tofali," alisema, "hebu katazame huyo mama anafanya nini huko nyuma."

Tofali akazunguka kabati. Akaona sanduku wazi, mwanamke amepiga magoti, mkono mmoja kwenye kopo. Akasema asimame. Nyigu akasimama, akaiacha Beretta ndani ya grisi. Tofali akainama kuchungulia ndani ya mashine.

"Kaka," Nyigu alisema, "hapo penye kikombe cha mpira usiguse."

Tofali akajibu kwamba hafundishwi kazi na wauza waya. Mwanaume ukimwambia usiguse, umemwonyesha pa kuanzia. Akaingiza mkono.

Paa.

Volti elfu ishirini na tano.

Tofali aliruka kinyumenyume, akapiga mashine ya jirani, akateleza mpaka chini, akakaa miguu mbele kama mtoto anayengoja uji. Hakufa. Alisahau tu jina lake kwa nusu saa.

Nyigu alipogeuka, Madam alikuwa na bastola ndogo ya fedha. Mdomo wa bastola ulikuwa umezama kwenye mbavu za Pamba.

"Toka huko nyuma. Mikono nione."

Nyigu akatoka. Mkono wa kulia ulining'iniza duara lake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika waya wa umeme wa mashine, pale unapoingia ukutani.

"Achia huo waya," Madam alisema.

"Weka bastola chini."

"Nitampiga huyu."

Nyigu akamtazama Pamba, lile koti, kile kitambi kipya.

"Mpige," alisema. "Mimi na yeye tunajuana wapi?"

Pamba akamtolea mkewe macho.

"Fundi, usizime," Madam alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake nzuri ilipata mkwaruzo. "Huelewi. Miaka kumi na minane."

"Mimi kumi na tano," Nyigu alisema.

Akachomoa.

Skrini ikafa. Nukta nyeupe ikabaki katikati, ikafifia, ikaondoka na jina la MDM, na MPZ, na popo wote. Macho ya Madam yakaifuata nukta ile. Sekunde moja tu.

Ilitosha.

Duara la waya likaruka hewani kama mchezo wa kurusha pete, kilo nne za shaba, likamvaa Madam kichwani na kushuka mpaka viwikoni. Nyigu akauvuta waya wa duara. Bastola ikalia. Plasta ya dari ikamwagika kama unga. Pamba akajipinda, akaukamata mkono, silaha ikaanguka kwenye zulia.

"Ndani," Nyigu alisema, akiwa ameinamia tena mpini wa chuma cha kulehemu.

Wauza maji wawili, watu wa ofisi waliokuwa wamekaa nje tangu alfajiri, waliingia na pingu. Madam hakuwatazama. Alikuwa akiitazama skrini nyeusi na machozi yakimtoka, na Nyigu, ambaye alikuwa amemtafutia kasoro asubuhi nzima, hakufurahia kuipata.

Saa nne na dakika arobaini na nane.

"Vua," alimwambia mumewe.

Alilitandaza koti juu ya mashine, akatoa wembe. Kibati kilikuwa mgongoni, chini kidogo ya mshipi, kimeshonewa ndani ya bitana kwa sindano ya mtu anayejua kushona. Kadi ilikuwemo. Akaikabidhi kwa wauza maji, akatoa taarifa: majina arobaini na mawili, salama. Kisha akaendelea kukata. Alikata mifuko, akakata kola, akakata mikono yote miwili. Ripoti ya ofisi haielezi mikono ilikatwa kwa sababu gani za kiusalama.

*

Nje jua lilikuwa limepamba moto. Nyigu alipakia sanduku nyuma ya Suzuki, akafuta grisi viganjani. Pamba alikuja na shati lake, akasimama kando ya mlango kama mteja mwenye lalamiko.

Alimwambia amefanya kazi nzuri. Nyigu akasema asante. Alisema watoto bila shaka hawajambo. Nyigu akasema wamekua. Alisema mambo yote yale mle ndani yalikuwa ya ofisi, kila kitu kimo kwenye ripoti. Nyigu akasema amezisoma ripoti zote, ana nakala.

Ndipo Pamba akauliza alichotaka kuuliza.

"Ulipomwambia anipige. Ulikuwa unaigiza?"

Nyigu akafikiri. Hakutaka kumdanganya, kwa siku moja uongo ulikuwa umetosha.

"Nusu," alisema.

"Nusu ipi?"

Akaingia, akafunga mlango, akawasha gari. Akaonyesha taa ya kulia, akampisha mwenye baiskeli, akaingia barabarani bila haraka.

"Wifi," sikio likasema, "umemwacha njiani."

"Kuna mabasi."

"Hana koti, hana hata nauli."

"Ana miguu. Si ulimfundisha kutembea?"

Sikioni kilitoka kicheko kidogo ambacho kwa cheo chake wifi alikigeuza kikohozi. Nyigu akatoa kile kidude chini ya kilemba, akakitia kwenye kisahani cha majivu.

Kwenye kioo cha pembeni Pamba alikuwa bado amesimama. Alitazama barabara inayokwenda mjini, kwenye hoteli yake yenye kiyoyozi. Akatazama ile nyingine. Kisha akakunja mikono ya shati na kuanza kutembea.

Upande wa nyumbani.

Nyigu akabadilisha gia.